Umeme ulirudi, Pi ikawaka, programu haikuamka: naomba msaada wa systemd kwenye mashine ya mayai

#1 mtotoleshaji

Wakuu heshima zenu. Huu uzi nauandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Mama yangu ana mashine ya kutotolesha vifaranga, ya mayai 264, iko chumba cha uani Morogoro. Mimi naishi Dar. Mwaka jana nilimfungia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya Linux. Sensa ya joto, DS18B20, imeingizwa ndani ya mashine, modemu ya USB ina laini ya simu, na skripti ya Python inasoma joto kila baada ya nusu dakika. Mashine inatakiwa ikae 37.5. Joto likishuka chini ya 36.5 au likipita 38.5, SMS inaenda kwa mama, kwangu, na kwa kijana anayemsaidia. Miezi minne mambo yalikuwa safi.

Mwezi uliopita, mayai yakiwa na siku 12, umeme ukakatika saa tano usiku. Ukarudi baada ya dakika ishirini hivi. Uliporudi breka ya mashine ikaruka, lakini soketi ya Pi iko kwenye laini nyingine, kwa hiyo Pi ikawaka yenyewe. Taa ya kijani inapepesa, ukiiangalia unasema ni nzima. Kumbe skripti haikuwaka. Mama kaamka alfajiri kwa ajili ya swala, akapitia chumba cha mashine, kugusa mlango ni wa baridi kama mtungi. Katika mayai 264 walitoka vifaranga 61.

Hakunigombeza. Alisema tu "si ulisema itanipigia kelele?"

Nilikuwa naiendesha hivi:

```
nohup python3 joto.py &
```

Nimeambiwa inatakiwa iwe huduma ya systemd, ile programu ya Linux inayowasha na kusimamia nyingine. Nimeandika faili hili, `/etc/systemd/system/mayai.service`:

```
[Unit]
Description=Kipima joto cha mayai

[Service]
ExecStart=/home/mfugaji/mayai/joto.py >> /home/mfugaji/mayai/logi.txt

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Nikiiwasha inaniambia:

```
Failed at step EXEC spawning /home/mfugaji/mayai/joto.py: No such file or directory
Main process exited, code=exited, status=203/EXEC
```

Faili lipo! Nikipiga `ls -l` naliona, nimelipatia ruhusa ya kuendeshwa kwa `chmod +x`. Nimelala saa tisa jana kwa ajili ya hili.

#2 Kapuku255

Mkuu unajitesa. `crontab -e`, weka `@reboot python3 /home/mfugaji/mayai/joto.py`, cron itaiwasha yenyewe kila Pi ikiwaka, kalale.

#3 wa_Eldoret

Pole sana kwa mama, hiyo ni hasara ya kuuma. Mimi huwa naweka tmux naacha, lakini sasa nikisoma hii nimeanza kuogopa.

#4 bi_seva

Pole mdogo wangu, na mpe mama pole.

Kabla ya 203, tuelewane kwanza kilichowaponza. `nohup` inaikinga programu na kitu kimoja tu, ishara ya SIGHUP, ambayo programu hutumiwa unapofunga dirisha la tominali au SSH (njia ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali) ikikatika. Basi. tmux nayo inakutunzia kikao mashine ikiwa hai. Umeme ukikatika, vyote viwili vinakwenda na umeme. Mashine ikiwaka tena, kerneli, yaani kiini cha Linux, inaanzisha programu moja tu, ile yenye namba 1, na kila kingine kinaanzishwa na huyo namba 1 au na watoto wake. Kwenye Raspberry Pi OS, Debian na Ubuntu za leo namba 1 ni systemd. Programu yako haikuwa kwenye daftari lake. Hakukuwa na mtu yeyote ndani ya Pi anayejua kwamba kuna kitu kinaitwa joto.py.

Kapuku255, `@reboot` ingeiwasha kweli, sikatai. Lakini cron inawasha mara moja inakwenda zake. Skripti ikifa dakika ya pili kwa sababu modemu haijawa tayari, cron haina habari. Kwa mayai unataka mtu wa kusimama pale.

Sasa 203. Namba hiyo maana yake systemd imefika mlangoni ikashindwa kuiendesha programu yenyewe, hata mstari wa kwanza wa Python haujasomwa. Na "No such file" wakati faili lipo, mara nyingi si faili lako linalotafutwa. Ni lile lililotajwa kwenye mstari wa kwanza wa skripti baada ya `#!`. Piga hii utuletee:

```
head -1 joto.py | cat -A
```

Na swali la pembeni: skripti uliiandikia kwenye Windows?

#5 mtotoleshaji

Dada, umejuaje? Laptop ya ofisini ni Windows, huwa naandika huko nahamisha kwa flashi. Majibu haya:

```
#!/usr/bin/python3^M$
```

Hiyo `^M` ndiyo nini?

#6 bi_seva

Ndiyo mchawi wako. Windows inamaliza mstari kwa herufi mbili, Linux kwa moja. Ile ya ziada haionekani kwenye kihariri, lakini kerneli inaisoma kama sehemu ya jina. Kwa hiyo inatafuta programu inayoitwa "python3" pamoja na hiyo herufi mkiani, na kweli haipo. Ulipokuwa unaandika `python3 joto.py` kwa mkono, mstari wa `#!` haukutumika kabisa, ndiyo maana miezi minne hukuona kitu.

Isafishe: `sed -i 's/\r$//' joto.py`. Halafu usitegemee tena mstari ule, mtaje Python mwenyewe kwenye ExecStart.

Ile `>>` pia iondoe. Hiyo ni lugha ya bash, programu inayosoma amri zako kwenye tominali, na systemd haipitii bash. Skripti yako ingepokea `>>` na jina la logi kama maneno mawili ya kawaida, ikashangaa. Vivyo hivyo `~`, vivyo hivyo `&&`, vivyo hivyo chochote ulichokiweka kwenye `.bashrc`. Jambo hili likikuingia, robo tatu ya matatizo ya huduma yameisha: programu ikiwashwa na systemd haiko nyumbani kwako. Haina tominali, haina njia zako za PATH (orodha ya folda zinakotafutwa programu), haipo kwenye folda uliyozoea, na usipotaja mtumiaji inaendeshwa kama root, mtumiaji mwenye haki zote. Kila kitu unachokichukulia kuwa kipo, kiandike.

Mimi ningeihamishia `/opt/mayai`, niitengenezee mazingira yake ya Python humo humo na pyserial (maktaba ya kuongea na modemu) ndani, na niipe mtumiaji wake asiye na haki nyingi:

```
sudo useradd --system --no-create-home mayai
```

Kisha faili:

```
[Unit]
Description=Kipima joto cha mayai

[Service]
User=mayai
WorkingDirectory=/opt/mayai
StateDirectory=mayai
ExecStart=/opt/mayai/venv/bin/python /opt/mayai/joto.py
Restart=always

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

StateDirectory inakutengenezea `/var/lib/mayai` na kumkabidhi huyo mtumiaji, weka kumbukumbu zako huko. Ukimaliza (amri ya mwisho inakuonyesha logi):

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now mayai
journalctl -u mayai -f
```

Usisahau `enable`. `start` peke yake inawasha leo. `Enable` ndiyo inayomwandika kwenye daftari la kuamshwa kila mashine inapowaka. Watu wengi wanapiga `start`, wanaona rangi ya kijani, wanaenda zao, na umeme ukikatika wanarudi hapa hapa kwenye post namba moja.

Na ukiona 217 badala ya 203, jina la mtumiaji umelikosea. Ukiona 200, folda ya WorkingDirectory haipo au haingiliki.

#7 mzee_wa_flopi

Vijana, kila kitu systemd. Sisi tuliweka skripti ya kuwashia huduma kwenye `/etc/init.d`, ina start, ina stop, ina restart, unaifungua unaisoma yote kwa macho yako. Logi ni faili la maandishi, unapiga `tail` unaona. Leo logi imegeuzwa mafaili ya baineri, mpaka uombe ruhusa ya `journalctl`. Lennart Poettering na Kay Sievers walitoa kitu hiki 2010, Fedora wakakibeba 2011, na 2015 Debian 8 na Ubuntu 15.04 wakafuata. Kuna watu wa Debian walikasirika wakajitenga wakaanzisha Devuan, Debian isiyo na systemd, na siwalaumu.

#8 Kapuku255

Shikamoo mzee. Hapa tunaokoa vifaranga lakini.

#9 mzee_wa_flopi

Marahaba. Waokoeni, mimi nasema tu.

#10 bi_seva

Shikamoo mzee. Kwenye logi za baineri nakuunga mkono nusu. Siku diski imeharibika unatamani maandishi ya kawaida. Lakini zile skripti za init.d ndizo zilizonifanya nihame, na ni kwa sababu ya umeme huu huu. Unakumbuka faili la PID? Huduma ikiwaka inaandika namba yake, tuseme 812, kwenye faili. Umeme unakatika, faili linabaki kwenye diski. Mashine ikiwaka tena, 812 amepewa mtu mwingine kabisa, labda cron. Skripti inasoma 812, inaangalia, inakuta yuko hai, inasema "tayari inaendeshwa" na kukaa kimya. Nimewahi kuendesha seva ya ofisi iliyokuwa ikifanya hivyo kila masika. systemd haifuati namba iliyoandikwa kwenye faili. Inaiweka kila huduma na watoto wake kwenye kikundi kimoja cha kerneli, cgroup, kwa hiyo inajua nani ni wa nani hata wakizaana.

#11 mzee_wa_flopi

Hiyo ya PID ni kweli. Tulikuwa tunafuta kwa mkono.

#12 mtotoleshaji

Inawaka! `active (running)`, kijani. Ila mambo mawili.

Moja, `journalctl -u mayai -f` haionyeshi kitu. Skripti ina `print` ya joto kila nusu dakika, nimekaa robo saa, kimya. Nikiendesha kwa mkono inaandika vizuri.

Pili, baadaye ikafa na kosa la `Permission denied: '/dev/ttyUSB0'`.

#13 bi_seva

La kwanza ni Python. Ikijua inaandikia tominali, inatoa kila mstari hapo hapo. Ikijua haiko kwenye tominali, inajaza ndoo kwanza, baiti 8192, ndipo imwage. Mstari wako wa joto una herufi arobaini hivi? Basi unahitaji mistari mia mbili, yaani saa moja na dakika arobaini, ndipo uone chochote. Na ikifa katikati, kilichokuwa kwenye ndoo kinaweza kupotea, nacho ndicho ulichokuwa unakitaka. Ongeza:

```
Environment=PYTHONUNBUFFERED=1
```

La pili, milango ya serial, kama huo wa modemu, ni mali ya kikundi cha `dialout`. Wewe umo, mtumiaji mpya `mayai` hayumo. Ongeza `SupplementaryGroups=dialout`.

Na usiandike ttyUSB0 kwenye skripti. Modemu nyingi za USB zinaanza kwa kujifanya CD, kisha zinageuka kuwa modemu, na zinafungua milango miwili mitatu kwa mpigo. Leo ttyUSB0, kesho baada ya umeme ttyUSB2. Angalia `ls -l /dev/serial/by-id/`, kuna jina refu lisilobadilika, tumia hilo.

#14 mtotoleshaji

Nimefanya yote. Logi sasa inatiririka, SMS ya majaribio imeingia.

Jana nikaenda Morogoro kufanya jaribio la kweli. Saa kumi jioni, mashine tupu, hakuna yai hata moja, nikachomoa waya wa Pi ukutani. Nikahesabu mpaka sitini, nikarudisha. Nikasubiri. Kimya. Nikaingia kwa SSH:

```
mayai.service: Start request repeated too quickly.
mayai.service: Failed with result 'exit-code'.
```

Nimeweka `Restart=always`. "Always" yao ni ya wapi hii?

#15 Kapuku255

"Always" ya mafundi. "Nakuja sasa hivi."

#16 bi_seva

Hahaha Kapuku.

Afadhali ulichomoa waya, hili halionekani mpaka uchomoe. Angalia kilichotokea. Pi inawaka haraka kuliko modemu. systemd inaiwasha skripti, skripti haikuti mlango wa modemu, inakufa. Systemd inasubiri kabla ya kuiwasha tena, lakini kusubiri kwake kwa kawaida ni milisekunde 100, kufumba na kufumbua. Inakufa tena. Na kuna kikomo cha kawaida: ikiwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10, inahesabiwa kuwa haifai na haiguswi tena. Modemu yako imekuja kuwa tayari sekunde ya ishirini, mwenzake ameshakatiwa tamaa.

Kikomo hicho kiliwekwa ili huduma mbovu isiile prosesa yote. Kwa seva yenye mtu wa kuitazama ni busara. Kwa kitu kilichofungiwa chumba cha uani na kinatakiwa kijaribu mpaka kiyama, kiondoe:

```
[Unit]
Description=Kipima joto cha mayai
StartLimitIntervalSec=0

[Service]
Restart=always
RestartSec=10
```

Angalia mahali: StartLimitIntervalSec inakaa chini ya `[Unit]`. Ukiiweka chini ya `[Service]` systemd inalalamika kimya kimya kwenye logi na kuipuuza. Nimeona watu wamekaa na mstari huo mahali pasipo pake kwa miaka.

Utaona pia watu mtandaoni wanakwambia uweke `After=network-online.target`. Wewe hutumi kitu kwa intaneti, usiweke. Utakuwa umefunga usalama wa mayai kwenye ruta ya jirani.

#17 wa_Eldoret

Dada wacha niulize kitu maana hii imenichapa mimi pia. Nilikuwa na programu ya kusoma mita ya maji, iko systemd vizuri, Restart=always, kila kitu. Siku mbili haikutuma namba hata moja. Naingia naangalia, `active (running)`. Haikuwa imekufa, ilikuwa imekwama tu. Restart haingesaidia kwa sababu haikuanguka, si ndio?

#18 bi_seva

Ndiyo, na hili ndilo nililokuwa nataka kulifikia.

`active (running)` inakuambia jambo moja: mchakato upo. Haikuambii unafanya kazi. Mlinzi aliyelala kwenye kiti naye yupo lindoni.

Kwanza ondoa sababu ya kukwama. Kwenye pyserial, ukifungua mlango bila kutaja `timeout`, kusoma kunasubiri milele. Modemu ikinyamaza, skripti inanyamaza nayo. Andika `serial.Serial(njia, 115200, timeout=5)`.

Kisha weka mlinzi wa mlinzi. systemd ina kitu kinaitwa WatchdogSec. Unaiambia: programu hii ikikaa dakika mbili bila kunipa ishara, iue uiwashe upya.

```
[Service]
Type=notify
WatchdogSec=120
```

Upande wa Python huhitaji maktaba yoyote. systemd inakupa anwani ya soketi kwenye NOTIFY_SOCKET, unaitumia neno:

```
import os, socket

def sema(neno):
    njia = os.environ.get("NOTIFY_SOCKET")
    if not njia:
        return
    if njia[0] == "@":
        njia = "\0" + njia[1:]
    s = socket.socket(socket.AF_UNIX, socket.SOCK_DGRAM)
    s.sendto(neno.encode(), njia)
    s.close()
```

Modemu ikijibu OK kwa mara ya kwanza, `sema("READY=1")`. Kwa `Type=notify` una sekunde 90 za kusema hivyo, la sivyo inahesabiwa imeshindwa kuwaka. Baada ya hapo, kila mzunguko, `sema("WATCHDOG=1")`.

Lakini uiweke wapi hiyo ya pili? Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanaanzisha uzi mdogo wa pembeni (thread) ndani ya programu, kazi yake ni kusema "niko hai" kila dakika. Kazi kuu ikikwama, huyo wa pembeni anaendelea kusema niko hai. Umejitengenezea mwongo wa kulipwa. Iweke mwisho wa mzunguko, baada ya joto kusomeka na namba kuwa ya maana, na modemu imeulizwa `AT` ikajibu `OK`. Kimoja kikikosekana, usiseme. Acha ikuue.

#19 wa_Eldoret

Nimeweka hii jioni hii. Nikaijaribu kwa `kill -STOP` ili nione kama itaamka. Baada ya dakika mbili logi ikaandika "Watchdog timeout", ikapigwa, ikawaka upya. Asante sana bana.

#20 mtotoleshaji

Wakuu, kumetokea kioja. Nimeweka watchdog, nimechomoa waya tena, safari hii imeamka yenyewe sekunde ya arobaini na kitu. Nikafurahi, nikarudi Dar. Leo asubuhi umeme umekatika kweli, ukarudi, na SMS ya kwanza mama aliyopokea:

"HATARI joto la mashine 85.0"

Mama kakimbilia chumbani na ndoo ya maji akijua moto. Mashine 37.4, haina habari. Kijana alimzuia mlangoni, vinginevyo angemwagia mayai mapya maji.

#21 mzee_wa_flopi

Hapo sasa mmefika kwangu. 85 si joto. DS18B20 ikipata umeme, ndani ya rejista yake kunakaa namba ya kuanzia, nayo ni 85. Ukiisoma kabla haijamaliza kupima, inakupa hiyo 85. Kipimo kizima cha biti 12 kinaichukua milisekunde 750. Na waya ukilegea, umeme wake ukakatika kidogo ukarudi, unaipata 85 hata mchana kweupe. Soma mara ya kwanza utupe. Na baadaye ukikuta 85 kamili ghafla wakati sekunde thelathini nyuma ilikuwa 37, usiiamini, soma tena. Ukiiona kila siku, kaze waya wa sensa.

Mpe mama pole ya ndoo.

#22 mtotoleshaji

Shikamoo mzee wangu. Asante. Nimeweka.

Kuna la mwisho linanikosesha usingizi. Pi yenyewe ikifa je? Kadi ya kumbukumbu ikioza, au mtu achomoe waya achaji simu? Hapo hakuna systemd wala nani.

#23 Kapuku255

Iwe inatuma SMS ya salamu kila siku jioni. Isipokuja mama ajue kuna tatizo. Weka programu ya pili kwenye systemd timer.

#24 bi_seva

Wazo la Kapuku ni zuri, ila usiweke programu ya pili inayofungua modemu. Mbili zikishika mlango mmoja wa serial, kila moja itakula nusu ya majibu ya mwenzake. Acha modemu iwe ya mmoja. Timer imgonge tu bega:

```
# /etc/systemd/system/mayai-salamu.service
[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/bin/systemctl kill -s USR1 mayai.service
```

```
# /etc/systemd/system/mayai-salamu.timer
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 19:00

[Install]
WantedBy=timers.target
```

Ndani ya skripti, `signal.signal(signal.SIGUSR1, ...)` iwashe alama tu, na mzunguko mkuu ukiiona utume salamu. Iweke juu kabisa ya skripti, kwa sababu programu isiyojiandaa ikipokea USR1 inakufa. Utakaye-enable ni timer, si service.

Na angalia saa ya Pi kabla hujalaumu mtu. `timedatectl`. Ikiwa iko UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, 19:00 yako itakuwa saa nne usiku.

#25 mtotoleshaji

Iko UTC!!! Kumbe ndiyo maana nilipokuwa natafuta logi za ule usiku sikuona kitu, nilikuwa natafuta 23:00 wakati yenyewe inaandika 20:00. Nimepiga `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Na Pi 4 haina betri ya saa, kwa hiyo umeme ukirudi logi inaanza na saa ya zamani kisha inaruka mbele intaneti ikipatikana. Nimeshaizoea.

#26 bi_seva

Hakikisha pia `/var/log/journal` ipo na logi zinabaki baada ya kuzima. Zikikaa `/run` zinafutika kila umeme ukikatika, na wewe unazitaka za usiku ule ule. Weka `Storage=persistent` kwenye `journald.conf`, na `SystemMaxUse=100M` ili usiimalize kadi.

#27 mtotoleshaji

Leteni maua kwa dada na kwa mzee. Wiki ya tatu sasa:

```
● mayai.service - Kipima joto cha mayai
     Active: active (running)
```

Umeme umekatika mara nne tangu nianze uzi huu. Mara ya tatu breka ikaruka tena, saa saba usiku. SMS ikaingia kwa mama ikisema 36.4, akaamka akainua breka, akalala. Asubuhi ndiyo kanisimulia, kama jambo la kawaida tu.

Juzi SMS ya salamu ilichelewa kwa sababu salio la laini liliisha. Saa moja na dakika kumi mama kanipigia: "Mtoto wako wa kwenye kiboksi hajanisalimia leo."

#28 mzee_wa_flopi

Hongera. Hiyo mashine ya mayai 264 mlinunua bei gani, na inakula umeme kiasi gani kwa mwezi?